Namna ya kulinganisha vikosi vya nyota vya drafti za NBA: hatua kwa hatua

Ubishi wa kijiweni kuhusu drafti bora ya NBA, yaani mwaka ambao timu za ligi hiyo ya kikapu ya Marekani zilichagua wachezaji wapya bora kuliko miaka mingine, hukwama karibu kila mara mahali pamoja. Mmoja anataja Jordan, Olajuwon na Barkley wa 1984. Mwenzake anajibu kwa Kobe, Iverson na Nash wa 1996. Wa tatu anaweka mezani LeBron, Wade na Carmelo wa 2003. Baada ya hapo ni sauti tu zinazopanda. Tatizo ni kwamba watu watatu hawatoshi kucheza mechi. Mechi ya NBA ni dakika 48 na uwanjani kila timu ina watu watano, kwa hiyo una dakika 240 za kugawa, na mpira ni mmoja. Ukizigawa dakika hizo kwa haki utaona matokeo yanaamuliwa na mchezaji wa sita, wa saba na wa nane, pamoja na kanuni mlizokubaliana kabla ya kutaja jina lolote.

Mwongozo huu unatumia 1996 dhidi ya 2003 kama mfano mkuu, kwa sababu makundi hayo mawili yalicheza miaka mingi pamoja na namba zao zinalinganishika kirahisi. Unahitaji karatasi au lahajedwali, kikokotoo, na tovuti ya takwimu kama Basketball Reference, ambayo ina ukurasa wa kila drafti na wa kila msimu.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani ni wa mwaka gani

Andikeni kanuni hii kabla ya kupanga vikosi, kwa sababu ndiyo inayogeuza matokeo kuliko nyingine zote. Maswali ni mawili.

La kwanza: je, mnahesabu mwaka wa kuchaguliwa au msimu wa kwanza wa kucheza? Larry Bird alichaguliwa na Boston mwaka 1978 lakini akaanza kucheza msimu wa 1979-80, sawa na Magic Johnson aliyechaguliwa 1979. Mkihesabu msimu wa kwanza, Bird na Magic wako timu moja, na hakuna atakayewagusa. David Robinson alichaguliwa wa kwanza mwaka 1987, akatumikia jeshi la wanamaji la Marekani, akaanza kuichezea San Antonio 1989-90. Manu Ginóbili ni wa drafti ya 1999, chaguo la 57, lakini alifika NBA 2002. Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 akaja mwaka uliofuata. Kanuni nzuri ni mwaka wa kuchaguliwa, kwa kuwa kumbukumbu zake hazina utata. Kesi ngumu zipo chache, mfano Arvydas Sabonis: Atlanta walimchagua 1985, chaguo likafutwa kwa sababu ya umri wake, kisha Portland wakamchukua 1986. Mhesabu kuwa wa 1986.

La pili: vipi kuhusu ambao hawakuchaguliwa kabisa? Ben Wallace alipitwa na timu zote kwenye drafti ya 1996, kisha akatwaa tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara 4: 2002, 2003, 2005 na 2006. Ukimruhusu, timu ya 1996 inapata kitu ambacho haina. Hapa kuna shimo ambalo wengi hawalioni. Hadi 1984 drafti ilikuwa na raundi 10, ikashuka hadi 7 mwaka 1985, 3 mwaka 1988, na kuanzia 1989 imebaki na raundi 2. Mchezaji ambaye zamani angechukuliwa raundi ya tano, siku hizi anaitwa asiyechaguliwa. Ukiwatoa hao wote, unazibeba drafti za zamani. Ushauri wetu: fanya hesabu nzima kwa waliochaguliwa tu, kisha irudie ukiwa na wasiochaguliwa, uone kama jibu linabadilika.

Timu iliyomchagua mtu haina maana yoyote hapa. Kobe alichaguliwa wa 13 na Charlotte akapelekwa Lakers kwa kubadilishwa na Vlade Divac, na Ray Allen na Stephon Marbury walibadilishwa usiku uleule wa drafti kati ya Minnesota na Milwaukee. Wote ni wa 1996, basi.

Hatua ya 2: Chagua kipindi cha kila mchezaji

Usitumie wastani wa maisha yote ya mchezaji. Wastani wa Jordan unabeba misimu miwili ya Washington akiwa anakaribia miaka 40, na jumla ya pointi za LeBron inazidi kupanda kwa sababu amecheza muda ambao hakuna mwingine aliyewahi kuucheza. Jumla hupima udumu. Wewe unataka kujua nani angeshinda mechi.

Chukua misimu 3 bora inayofuatana kwa kila mchezaji. Msimu mmoja ni mfupi mno: mtu mwenye mwaka mmoja wa bahati anaonekana sawa na nyota wa kweli. Misimu mitano ni mirefu mno kwa wale ambao magoti yaliwakatisha mapema. Misimu hiyo haihitaji kuwa ya miaka ileile kwa wote. Nash wa 2004-05 hadi 2006-07 anaweza kucheza na Iverson wa 1998-99 hadi 2000-01.

Weka pia sharti la mechi, ila liwe kwa asilimia. Ukisema “angalau mechi 60”, unamfuta Iverson wa 1998-99, msimu uliokuwa na mechi 50 tu kwa sababu ya mvutano wa mkataba kati ya wamiliki na wachezaji. Msimu wa 2011-12 nao ulikuwa na mechi 66. Asilimia 60 ya mechi za msimu husika inatosha.

Hatua ya 3: Jaza nafasi, anza na pengo

Kosa kubwa hapa ni kuorodhesha wachezaji 8 bora na kudhani hiyo ni timu. Fanya kinyume: tafuta kwanza nafasi ambayo kundi lako ni dhaifu, ijaze, ndipo urudi kwa nyota.

Drafti ya 2009 ndiyo somo zuri kuliko zote. Ina Stephen Curry aliyechaguliwa wa 7, James Harden wa 3, DeMar DeRozan wa 9, Jrue Holiday wa 17, Danny Green wa 46 na Blake Griffin wa kwanza. Ukiandika pointi za hao kwenye karatasi unadhani umemaliza kazi. Sasa nani senta, yule mtu mrefu wa chini ya kikapu? Chaguo la pili la drafti hiyo lilikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye sentimita 221, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Memphis walimchukua kabla ya Harden na Curry. Shabiki wa Tanzania angependa kumpa namba ya kuanza, lakini takwimu zake za NBA, wastani wa pointi 2.2 kwa mechi, hazimruhusu. Kinachobaki ni Taj Gibson, Jordan Hill, DeJuan Blair, au kumsogeza Griffin kucheza senta. Dhidi ya timu yenye Olajuwon au Ilgauskas, Thabeet anapata kazi halali ya dakika chache: urefu wa kuvuruga mtupo na faulo 6 za kutumia. Mpe dakika 6, zisizidi.

Drafti ya 2011 haina shida hiyo. Kyrie Irving, Klay Thompson, Kawhi Leonard na Jimmy Butler, aliyechaguliwa wa 30, wana masenta wa kuchagua: Nikola Vučević, Jonas Valančiūnas, na Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mlinzi wa kikapu asiyehitaji mpira hata kidogo. Kwenye timu yenye watupaji wanne, mtu wa namna ya Biyombo ana thamani kuliko senta wa pointi 18, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5.

Kwa mfano wetu mkuu, waliochaguliwa tu:

1996: Steve Nash, Allen Iverson, Kobe Bryant, Ray Allen, Peja Stojaković, Jermaine O’Neal, Marcus Camby, Žydrūnas Ilgauskas. Nje wanabaki Marbury, Abdur-Rahim, Antoine Walker na Derek Fisher.

2003: LeBron James, Dwyane Wade, Carmelo Anthony, Chris Bosh, David West, Kirk Hinrich, Kyle Korver, Chris Kaman. Nje wanabaki Josh Howard, Mo Williams, Boris Diaw, Leandro Barbosa na Kendrick Perkins.

Howard na Williams waliwahi kuitwa kwenye Mchezo wa Nyota, Hinrich na Diaw hawakuwahi, na bado Hinrich yumo. Timu yenye LeBron na Wade haihitaji mtu mwingine wa kuushika mpira. Inahitaji mtu wa kumkaba anayeushika mpira wa upande wa pili.

Hatua ya 4: Sawazisha namba za zama tofauti

Pointi 35 za mwaka mmoja si sawa na pointi 35 za mwaka mwingine. Msimu wa 1984-85 timu ya kawaida ilipata zamu za kushambulia kama 102 kwa dakika 48; hiyo ndiyo kasi ya ligi. 2003-04 zilikuwa kama 90. 2018-19 zikarudi 100. Zamu zikiwa nyingi, kila kitu kinaongezeka: pointi, ribaundi, asisti, hata mipira inayopotea.

Fanya hesabu mbili kwa kila nyota. Ya kwanza ni pointi kwa zamu 100:

zamu alizokuwepo uwanjani = kasi ya ligi × dakika zake ÷ 48
pointi kwa zamu 100 = pointi zake ÷ zamu hizo × 100

Ya pili ni ufanisi wa kutupa, unaojumuisha pointi tatu na mitupo huru:

ufanisi = pointi ÷ (2 × (mitupo + 0.44 × mitupo huru))

Kisha toa ufanisi wa wastani wa ligi wa mwaka huo. Tofauti hiyo ndiyo unayoilinganisha.

Tazama misimu mitatu ya wafungaji wakubwa. Jordan 1987-88: pointi 35.0 kwa dakika 40.4, kasi ya ligi 99.6. Alikuwepo kwa zamu 83.8, kwa hiyo anapata pointi 41.8 kwa zamu 100. Kobe 2005-06: pointi 35.4 kwa dakika 41.0, kasi 90.5, zamu 77.3, pointi 45.8. Harden 2018-19: pointi 36.1 kwa dakika 36.8, kasi 100, zamu 76.7, pointi 47.1. Hadi hapa Jordan ndiye wa mwisho.

Sasa ufanisi. Jordan alitupa mara 24.4 na mitupo huru 10.5 kwa mechi: 35.0 ÷ (2 × 29.02) = asilimia 60.3, wakati ligi ilikuwa 53.8. Yuko juu kwa 6.5. Kobe alitupa mara 27.2 na mitupo huru 10.2: asilimia 55.9 dhidi ya 53.6 ya ligi, juu kwa 2.3. Harden, 61.6 dhidi ya 56.0, juu kwa 5.6. Mpangilio umegeuka, na Jordan msimu huohuo alikuwa mlinzi bora wa ligi.

Hesabu ya kwanza inakuambia mtu alibeba mzigo kiasi gani, ya pili inakuambia aliubeba kwa gharama gani. Anayeonyesha moja tu anakuficha nusu ya habari, na mara nyingi anajua anachokifanya.

Mambo matatu huharibu hatua hii. Kwanza, mstari wa pointi tatu ulisogezwa karibu, mita 6.7 pande zote, kuanzia 1994-95 hadi 1996-97, kisha ukarudishwa mita 7.24 pale mbele. Asilimia 42.7 ya Jordan kwa pointi tatu mwaka 1995-96 ni ya mstari mfupi. Usiitumie kama ushahidi wa namna angetupa leo. Pili, mipira iliyoporwa na bloku zilianza kuhesabiwa rasmi 1973-74, na mipira iliyopotea 1977-78. Ukilinganisha na kundi la 1960 la Oscar Robertson na Jerry West, safu hizo ziache tupu pande zote mbili. Tatu, kasi ya ligi ni makadirio. Mchezaji ambaye timu yake ilikimbia mno, kama Nash wa Phoenix, mpigie kwa kasi ya timu yake.

Hatua ya 5: Gawa mpira

Hapa ndipo vikosi vya ndoto hufia. Kobe wa 2005-06 alitupa mara 27.2 kwa dakika 41. Iverson wa 2000-01, msimu aliotwaa MVP (tuzo ya mchezaji bora wa ligi), alitupa mara 25.5 kwa dakika 42. Wape Kobe dakika 36 na Iverson dakika 30 kwa kiwango kilekile: wawili hao wanatupa mara 42. Timu ya wastani 2005-06 ilitupa mara 79 kwa mechi. Zinabaki 37 kwa wachezaji sita wenye dakika 174, ambao miongoni mwao wamo Ray Allen na Stojaković, watupaji bora kuliko wote wawili. Hesabu haikubali.

Kwa bahati nzuri tuna mifano halisi ya nyota waliowekwa pamoja, na moja ni ya kundi la 2003 lenyewe. LeBron, Wade na Bosh walipokutana Miami 2010, LeBron alishuka kutoka pointi 29.7 hadi 26.7, Wade kutoka 26.6 hadi 25.5, na Bosh kutoka 24.0 hadi 18.7. Boston 2007-08, Kevin Garnett alitoka 22.4 hadi 18.8, Paul Pierce 25.0 hadi 19.6, na Ray Allen wa 1996 akatoka 26.4 hadi 17.4. Wote sita walishuka, lakini aliyelipa zaidi ni yule anayetegemea kuletewa mpira: Bosh asilimia 22, Allen asilimia 34. Wanaouanzisha mpira wenyewe walipoteza asilimia 4 hadi 10 kule Miami.

Kwa hiyo punguza pointi hivi: wa kwanza kuushika mpira apunguziwe asilimia 5, wa pili asilimia 10, wa tatu 20, wa nne 30. Ni makadirio yetu kutokana na timu hizo mbili, lakini ni makadirio yenye mguu ardhini. Kisha mpandishe kidogo kwa ufanisi yule anayekatwa zaidi, maana anabakiwa na mitupo ya wazi tu. Kwa 1996 unalazimika kuchagua: ama Kobe na Nash wanaendesha na Iverson anatoka benchi, ama unaua watupaji wako. Kwetu Iverson anatoka benchi. Mashabiki wake watalalamika. Waonyeshe ile 37.

Hatua ya 6: Mechi inachezwa kwa sheria za mwaka gani?

Chagueni msimu mmoja wa kati na msihame. Ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya kumfuata mtu, uliruhusiwa 2001-02, pamoja na sheria ya sekunde 3 inayomkataza mlinzi kukaa chini ya kikapu bila mtu wa kumkaba. Kuanzia 2004-05 waamuzi walibana matumizi ya mkono kumzuia anayeushika mpira, jambo lililowafungulia njia Nash, Wade na wenzao. Kwa 1996 dhidi ya 2003, tumia 2005-06. Kwa 1984 dhidi ya 2009 ni vigumu zaidi: 1984-85 timu moja ilitupa pointi tatu mara 3.1 kwa mechi, 2018-19 mara 32. Hapo chezeni mechi za nyumbani za kila timu kwa sheria za zama zake.

Usiruhusu hoja ya “fulani angejifunza kutupa pointi tatu” kwa upande mmoja tu. Ama wote wanajifunza, ama wote wanabaki walivyokuwa. Kubaki walivyokuwa ni safi zaidi.

Hatua ya 7: Kata mechi vipande 8 vya dakika 6

Njia hii inalazimisha kila mtu aonyeshe watano wake walioko uwanjani kwa wakati mmoja. Kila timu ina nafasi 40 za kujaza, yaani vipande 8 mara watu 5.

1996: Kobe 6, Allen 6, O’Neal 6, Nash 5, Camby 5, Iverson 5, Stojaković 5, Ilgauskas 2. Stojaković, mwenye mita 2.08, anacheza vipande vitatu kama pawa fowadi, yaani mtu wa pili wa chini ya kikapu.

2003: LeBron 7, Wade 6, Bosh 6, Anthony 5, West 5, Hinrich 5, Korver 3, Kaman 3. Katika vipande viwili Anthony anasogea kuwa pawa fowadi.

Jumlisha kabla ya kuendelea. Ikizidi 40 umempa mtu dakika ambazo hazipo, na hilo hutokea kila mara mtu anapojaribu kumwingiza nyota wa tisa.

Sasa, kwa kila kipande, jiulizeni maswali matatu kwa mpangilio huu: nani anamkaba nani, mlinzi dhaifu anafichwa wapi, na nani anaushika mpira. Kisha ipeni alama timu iliyo bora katika kipande hicho.

Kipande cha 1: Nash, Allen, Kobe, O’Neal, Camby dhidi ya Hinrich, Wade, LeBron, West, Bosh. Kobe anamkaba LeBron, Allen yuko na Wade, Nash anafichwa kwa Hinrich, ambaye hashambulii sana. Upande wa pili Hinrich anamsumbua Nash kweli, na mlinzi wa aina yake ndiye Nash hampendi. Sare, alama 0.

Kipande cha 3 ni hadithi nyingine. Nash na Iverson wanajikuta pamoja, maana vipande vyao ni 10 na mechi ina 8, hivyo lazima wakutane mara mbili. Kocha wa 2003 anamtoa Hinrich na kuweka Wade, Korver, LeBron, Anthony na Bosh. Nash hana pa kujificha: akimfuata Korver atakimbizwa kwenye skrini sita (wenzake Korver wakisimama kumzibia njia) kwa zamu moja, na Iverson, mwenye mita 1.83, anabaki na Wade mwenye mita 1.93. O’Neal na Camby lazima watoke chini ya kikapu kusaidia, na hapo Korver anaachwa wazi. Huyu ni mtu aliyewahi kumaliza msimu na asilimia 53.6 kwa pointi tatu. 1996 inapoteza kwa 2.

Kipande cha 6 LeBron anapumzika. Wade na Anthony wanabaki na Hinrich, West na Kaman, nafasi uwanjani inabana, Camby anasubiri chini ya kikapu, na Nash anacheza skrini na O’Neal huku Allen na Stojaković wakingoja pembeni. 1996 inapata 2.

Kwa mtindo huohuo vipande vyote, kwa upande wa 1996: 0, +1, −2, +1, 0, +2, −1, −2. Kipande cha 7 ndicho Nash na Iverson wanapokutana tena, na cha 8 kinaangushwa na swali moja: nani anamkaba LeBron wakati Kobe amechoka? Kundi la 1996 halina fowadi mzito wa pembeni. Stojaković haiwezi kazi hiyo, na Abdur-Rahim hakujulikana kwa ulinzi.

Alama zisizidi 3 kwa kipande. Anayetoa 3 aeleze kwa sentensi moja ni mtu gani asiyekabika.

Hatua ya 8: Geuza alama kuwa mfululizo wa mechi 7

Bila kujali kama ni + au −, jumla ya 0 au 1 ni 4–3, ya 2 au 3 ni 4–2, ya 4 hadi 6 ni 4–1, zaidi ya hapo 4–0. Hapa 1996 ina −1. Kundi la 2003 linashinda kwa mechi saba.

Usiache hapo. Badilisha kitu kimoja tu, urudie vipande vinavyoguswa, uone kama mshindi anabadilika. Mrudishe Ben Wallace: mpe vipande viwili vya Ilgauskas na viwili vya Camby, ukiweka kimoja kwenye kipande cha 3 na kimoja cha 8. Sasa Wade akimpita Iverson anakutana na mtu anayelinda kikapu bila kuhitaji msaada, na wengine wanabaki na watupaji wao. Kipande cha 3 kinapungua kuwa −1 na cha 8 kuwa −1. Jumla inakuwa +1, na 1996 ndiyo bingwa. Kanuni ya hatua ya kwanza imebadilisha kombe kabla hata mpira haujarushwa, ndiyo maana inaandikwa mapema na kila mmoja anaisaini.

Baada ya hapo mlete 1984. Kumbuka kuanza na pengo: baada ya Stockton, Jordan, Barkley na Olajuwon, fowadi wa pembeni ni Jerome Kersey, chaguo la 46. Alvin Robertson, mlinzi bora wa ligi 1986 na bingwa wa kupora mipira, anaingia kutoka benchi pamoja na Sam Perkins, Otis Thorpe na Kevin Willis, na vipande 16 vya nafasi mbili za chini ya kikapu vinajaa bila kumsogeza mtu. Dhidi ya 2003, weka Robertson kwa Wade ili Jordan asichoke kabla ya kipande cha 8, mwache Kersey ateseke na LeBron akijua Olajuwon yuko nyuma yake, na uanze hesabu kwa swali la Bosh: anamkaba Olajuwon peke yake, au anasaidiwa na nani?